Pingili ya Saba

Mtu wa kwanza kusema kwamba jongoo hapandi mtungi hakuwahi kumtazama jongoo, na nina shaka kama mtungi aliujua. Alikaa kwake akatunga msemo, kisha akaniachia mimi, Shafiki, fundi simu wa Koboko, mzigo wa kuubeba. Nikikutana naye ahera tutaongea.

Mke wangu Hasifa anafundisha baiolojia Arua, na mwisho wa wiki anarudi nyumbani. Anasomea shahada ya pili, na kati ya viumbe vyote alivyoumba Mungu, amechagua majongoo. Nilipomuuliza kwa nini si vipepeo, alisema vipepeo tayari wana watu wengi wa kuwapenda.

Tabu ya majongoo ni majina. Hasifa alinieleza tukinywa chai, nikapoteza hamu ya mandazi. Ukitaka kumjua jongoo ni wa aina gani, rangi itakudanganya na urefu utakudanganya. Lazima umpate dume aliyekomaa. Unahesabu pingili za mwili kuanzia kichwani hadi ya saba. Hapo dume hana miguu ya kutembelea; ana vikulabu vidogo alivyovificha ndani, vya kazi ya unyumba. Kila aina ina vikulabu vya umbo lake, kama ufunguo na kufuli lake. Jike ana miguu kama kawaida, na majike wa aina mbalimbali wanafanana kupita kiasi.

"Sasa bila dume?" nikauliza.

"Bila dume hakuna jina. Na mwalimu wangu anataka jina Jumatatu ijayo."

Nikajitolea, kwa sababu nampenda. Nilifukua chini ya migomba ya marehemu mama nikapata majongoo kumi na mmoja, nikawatia kwenye kopo la siagi. Maji yao yanayonuka yaligeuza vidole vyangu rangi ya kahawia, hata wateja wakawa wananikabidhi simu huku wamenyoosha mkono kama wanalisha mbwa. Hasifa alichukua kioo changu cha kazi, kile ninachobana jichoni, akawageuza mmoja baada ya mwingine. Wote walikuwa majike.

Alikwenda uani kumlalamikia jirani yetu Alphonsine, Mkongomani anayeuza vitenge nyumbani kwake. Hakujua kwamba ng'ambo ya ua, nyuma ya vitenge vilivyoanikwa, shangazi yangu Latifah alikuwa anachagua doti. Shangazi aliishi Kibera miaka thelathini kabla ya kurudi kwetu, na huko alijifunza misemo yote isipokuwa ile ya kunyamaza.

"Jongoo ya Shafiki haifai," Hasifa alisema. "Nimeangalia na kioo mpaka macho inauma. Dume hakuna."

"Pole, mama," Alphonsine akajibu. "Ya Gustave iko mukubwa sana. Siku moja nitakuletea, uangalie."

Gustave ni mume wake, na nyuma ya nyumba yake kuna majani yaliyooza na majongoo tele. Shangazi hakungoja kuelezwa habari za majani. Aliondoka bila hata kununua kitenge.

Ijumaa iliyofuata, nje ya msikiti, Hamuza muuza vipuri alinishika mkono akakataa kuuachia.

"Ndugu, hii kitu inapata mutu yeyote," alisema, akanipa mizizi iliyofungwa kwenye gazeti. "Chemsha, kunywa moto moto."

Nilikuwa na kikohozi, nikadhani amenihurumia. Nilikunywa, na kikohozi kikapona. Kesho yake Shangazi akanipigia simu.

"Mwanangu, usifiche tena. Tunajua jongoo hapandi mtungi. Jumapili nakuja na mabibi wawili wa ukoo kutoka Arua, tutengeneze jambo hili."

Nilikaa chini pale pale kwenye kisanduku cha chaja. Niliona aibu, na haikuwa ya mchezo. Tumeoana miaka mitatu na mtoto bado. Swali hilo nilikuwa nimejiuliza mwenyewe, kimya kimya, kabla mji mzima haujanisaidia. Nilipomsimulia Hasifa, alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akauona uso wangu akaacha.

"Nitawaeleza," alisema.

"Utawaeleza nini? Kwamba ulikuwa unatafuta dume?"

Akachukua kopo la siagi, akaanza kuwageuza tena wale majike, mmoja mmoja.

Jumapili mvua ilinyesha asubuhi, na saa nane mchana wageni walikuwa wamekaa kwenye mkeka. Nilipewa biskuti kama mgonjwa. Shangazi alisafisha koo.

"Hasifa mwanangu, wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Ukitaka kwenda zako, katika ukoo huu hakuna atakayekulaumu."

Hasifa alifungua mdomo ajibu, lakini bibi mmoja akasema maneno yanakausha koo, aletewe maji kwanza. Friji tunayo, ila mabibi wa kwetu hawanywi maji ya friji. Hasifa akaenda barazani kwenye mtungi wa marehemu mama. Halafu ukatoka ukelele uliofika barabarani.

"Shafiki! Shafiki, njoo! Jongoo amepanda mtungi!"

Shangazi na mabibi wakanigeukia. Nilikuwa mbele yao, na biskuti mkononi.

"Sasa hivi?" bibi mmoja akauliza.

Nilikimbia barazani. Jongoo alikuwa kwenye shingo ya mtungi, mweusi, mnene, anapanda bila haraka wala aibu. Nilimchukua, nikamgeuza tumbo juu, nikatoa kioo mfukoni, nikakibana jichoni na kuhesabu kwa sauti. Tano. Sita. Ya saba haikuwa na miguu.

"Dume!" Nilipiga kelele zaidi kuliko nilivyokusudia. "Hasifa, ni dume!"

Vigelegele vya Shangazi vikaanza ndani, na mabibi wakavidaka. Wakati huo huo Alphonsine akaingia getini na kopo.

"Nimeleta ya Gustave," alisema.

"Irudishe!" Shangazi akafoka dirishani. "Ya Shafiki imepona!"

Jumatatu, huko Arua, vikulabu vilitoa jina, refu la Kilatini, ambalo sijaweza kulitamka. Wikendi iliyofuata Hasifa alinionyesha kichupa cha spiriti, na ndani yake jongoo wetu pamoja na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, maana kanuni za kazi yao zinataka useme mdudu alipatikana wapi hasa. Nilikisoma kwa kioo changu: *Koboko, nyumbani kwa Shafiki. Juu ya mtungi. Dume, amekomaa.*

"Hiki kitakaa makumbusho miaka mia," alisema, akaniegemea begani.

Nilimwomba aniandikie kingine, kwa herufi kubwa, nikakibandika dukani juu ya chaja. Hamuza alikuja, akakisoma polepole mara mbili, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Kumbe hii mizizi yangu iko kali," alisema.

Nilimwacha aamini hivyo.