Vipande Vilivyoegemea Kushoto

Duka la Rahma liko Bagara, mjini Babati, na kaunta yake ya mbao ndiyo ile ile aliyoirithi kwa baba yake, pamoja na mizani na tabia ya kutokubali kosa. Majirani hutania kwamba mizani ile inaweza kukosea, lakini Rahma hakosei. Mwenyewe aliuamini utani huo mpaka Jumamosi moja, bintiye Anifa alipotaka kufundishwa kukunja mpira wa karatasi.

Mpira huo haukunjwi kwa karatasi moja. Unakunja vipande thelathini vinavyofanana, kila kimoja na ncha mbili na mifuko miwili, halafu ncha ya hiki inaingia kwenye mfuko wa kile. Hakuna gundi wala uzi. Rahma alijifunza akiwa kidato cha kwanza, enzi Babati bado inahesabiwa mkoa wa Arusha, kwa mwalimu wa hesabu wa kujitolea aliyetoka Japani. Darasa zima lilimcheka mwalimu mtu mzima anayecheza na karatasi, isipokuwa wasichana wawili: Rahma wa dukani na Hilaria wa Sigino, binti wa wakulima walioshuka kutoka Mbulu.

"Kunja katikati, kunjua," Rahma alimwambia Anifa, aliyekaa nje ya kaunta, upande wa wateja. "Kingo zote mbili zije kwenye mstari, kama milango ya kabati. Kona hii ishushe, ya upande wa pili ipandishe. Haya, zifiche chini."

Ilikuwa ni furaha, hakuna neno lingine. Kaunta ilinukia karatasi na sabuni ya mche kama zamani, alipokuwa akikaa ndani na Hilaria nje, kila siku baada ya shule, wakichana majalada ya madaftari ya zamani, Rahma akimwonyesha mikunjo, kila mtu akiunga vyake. Hilaria alikuwa akija na mahindi ya kuchemsha kwenye mfuko wa sweta, ya moto, na kabla ya kukunja walikuwa wanakula kwanza ili wasiloweshe karatasi kwa mikono. Hapo ndipo walipopanga kumuaga mwalimu kwa mpira mmoja mkubwa, kila mtu akunje vipande kumi na vitano.

Rahma hakupenda kukumbuka kilichofuata. Jioni ya mwisho, mwalimu akiwa anaondoka kesho yake kwa basi la asubuhi, vipande vya Hilaria viligoma kuingia kwenye vya Rahma. Walijaribu mpaka karatasi zikalegea. Rahma akasema neno ambalo hata leo likimjia anapandisha sauti ya redio: "Mikono iliyozoea jembe haiwezi karatasi."

Hilaria alikusanya vipande vyake kimoja kimoja, akaviweka kwenye mfuko wa sweta, akaondoka. Mwalimu akaagwa mikono mitupu. Na tangu hapo, miaka thelathini na ushee katika mji usio mkubwa kiasi hicho, wawili hao wakikutana sokoni wanasalimiana "habari Mama Gerson", "nzuri Mama Anifa", basi, kila mtu na kikapu chake.

"Mama, havishikani," alisema Anifa.

Rahma aliangalia. Kweli, ncha ya kipande cha mtoto haikukubali kuingia kwenye mfuko wa kipande cha Rahma. Alifungua mdomo kusema jambo kuhusu uvivu, lakini Anifa alikuwa ameshachukua vipande vyake viwili akaviunganisha. Vikashikana kwa ulaini.

"Mbona vyangu vyenyewe kwa vyenyewe vinakubali?"

Rahma aliweka kipande chake kando ya cha mtoto. Chake kilikuwa kimeegemea kulia. Cha Anifa kimeegemea kushoto. Mtoto hakukosea hata mkunjo mmoja. Alikuwa amekaa mbele yake, akaiga alichokiona, na kila kona ikageuka kama kwenye kioo. Hilaria naye alikuwa akikaa hapo hapo, kwa sababu Rahma hakuwahi kumkaribisha ndani ya kaunta.

Rahma hakumsikia mteja wa chumvi mpaka alipoita mara ya tatu. Kisha akatoka, akaenda kukaa kwenye benchi la wateja, kando ya Anifa, akamwambia amkunjie polepole. Safari hii mwalimu alikuwa mtoto. Saa tisa alikuwa na vipande kumi na vitano vilivyoegemea kushoto. Kama Hilaria alivitunza vyake, mpira ungekamilika. Kama hakuvitunza, angalau Hilaria angejua kwa nini havikushikana. Alipanda bodaboda mpaka Nakwa, alikoolewa Hilaria, akitafuta maneno njia nzima, maana kuomba radhi hakuwahi kujifunza.

Alimkuta Hilaria uani akipepeta mbaazi.

"Karibu, Mama Anifa," alisema, bila kuinuka.

Rahma alivitoa vipande akavimimina kwenye mkeka. "Mikono yako haikuwa na kosa," alisema. "Nilikukalisha mbele yangu, ukakunja kinyume. Vyako vilikuwa sahihi, ni vya upande mwingine tu. Mimi ndiye niliyekosea. Nisamehe, Hilaria."

Hilaria aliweka ungo chini. Alikiokota kipande kimoja, akakigeuza.

"Vyangu niliwashia moto jioni ile ile," alisema. "Ugali uliiva vizuri sana."

Rahma aliinamisha kichwa. Alistahili, na alijua.

"Basi nitakuonyesha upya," alisema, akasogea akae kando yake, si mbele.

Lakini Hilaria alikuwa ameshavuta daftari la zamani la Gerson kutoka dirishani. Alichana ukurasa, akausawazisha uwe mraba, akakunja katikati, akakunjua, akaleta kingo. Hakuuliza kitu. Kucha zake zilikuwa na udongo wa shamba, na kila mkunjo ulikaa mahali pake. Alikichomeka kipande chake kwenye cha Rahma. Kikaingia.

"Mikono ya jembe," alisema. "Bado kumi na vinne, Rahma. Shika daftari unichanie."