Jumapili ya Kurasa Thelathini na Mbili

Magazeti yangu yamo kwenye masanduku manne chini ya kitanda. Marehemu mume wangu aliyapanga kwa tarehe. Kila asubuhi, nikishafagia uwanja, nawasomea wapangaji moja kwa sauti, wala siruki hata tangazo. Kwa hiyo hapa nyumbani tuko nyuma miaka ishirini na mitatu, na hatujapungukiwa kitu.

Wapangaji wangu wamenogewa na mpira. Humo magazetini timu ya kiwanda cha sabuni imefika fainali, na tumekubaliana: anayekumbuka yaliyotokea afunge mdomo.

Niliposoma la Jumamosi, "Kesho ni fainali," muuza mkaa, mpangaji wa chumba cha mbele, alirusha kofia ikanasa kwenye bati. Baadaye akaja fundi viatu, mpangaji wa chumba cha mwisho.

"Mama, gazeti la Jumatatu uliruke."

"Kwa nini, baba?"

"Golikipa wa sabuni ni mimi. Mpira ulinipita katikati ya miguu, dakika ya themanini na tisa. Nilihama mji, nikafuga ndevu. Hapa watu wananisalimu, Mama. Wakijua, nitaanza tena wapi na magoti haya?"

Nilimhurumia. "Kuruka siruki. Lakini kabla ya Jumatatu kuna Jumapili, na la Jumapili lina kurasa thelathini na mbili."

Kulipokucha nikaanza: jina la gazeti, bei, anwani ya mpiga chapa. Ratiba ya treni nilisoma kituo kwa kituo. Tanzia zilikuwa saba, na kila marehemu tulimnyamazia kidogo, maana mtu ni mtu. Jua linazama, niko ukurasa wa tatu.

Siku ya tano muuza mkaa uzalendo ukamshinda. "Bibi, leo Alhamisi!"

"Alhamisi ya kwenu huko barabarani. Humu ni Jumapili asubuhi, mpira haujaanza. Kaa chini."

Akakaa. Sasa ukurasa wa kumi na moja, sikuwa na habari, ulikuwa na picha ya timu ya sabuni. Muuza mkaa akaiinamia, akamtazama fundi, akairudia picha.

"Ndevu sawa, lakini masikio hayo nayajua!"

Sindano ilimponyoka fundi. Nikaifunika picha kwa kiganja, lakini nilishachelewa.

"Mzee mzima huna aibu!" muuza mkaa akafoka. "Fainali ni leo, na wewe umekaa unashona soli? Inuka ufanye mazoezi!"

Tangu hapo kila jioni wanampigia mashuti kati ya tangi la maji na mlango wa bafu. Juzi mpira ukampita palepale, katikati ya miguu. Alijiinamia, akaficha uso. Wakamwinua, wakamfuta vumbi, wakampa mpira aanze upya.

Leo nilipofungua ukurasa wa kumi na mbili, bei za saruji, muuza mkaa akasogeza kigoda karibu yangu, akaninong'oneza.

"Bibi, hizo bei zirudie. Bado hajaiva."