Tone la Mgeni

Kwaru, kwaru, kwaru. Kalista alisikia viatu vikiburuta changarawe jicho lake likiwa bado kwenye hadubini, akajua ni Mwalimu Mbonile. Mwalimu alikuwa anakuja kuamua kama chupa yake ya maji ya kijani iende maonyesho ya sayansi Mbeya au imwagwe, kabati lipate nafasi.

Kalista alikuwa msimamizi wa maabara ya sekondari moja pale Izia. Miezi mitatu alikuwa amefuga ndani ya chupa hiyo nyuzi hai za mwani zilizotoka mtaroni, nyembamba kuliko unywele, hazina miguu wala mkia, lakini zinatambaa zenyewe.

Kwao Ilemba mgeni hakatiwi bonge dogo la ugali. Basi alichota tone zito, kijani kibichi, akalijaza kwenye kioo cha hadubini.

Mwalimu aliitikia shikamoo, akainama, akatazama kwa muda.

"Dada Kalista," alisema, "umeniita msibani bila kuniambia nani kafa."

Kalista akachungulia. Kweli, nyuzi zilikuwa zimebanana kama kuni kwenye mzigo. Ncha tu zilitikisika. Mwalimu akanyoosha mkono kuchukua chupa, Kalista akaiwahi. Akaomba dakika tano, kwa sauti isiyokuwa ya kuomba.

Akalichukua tone lilelile lililoitwa msiba, akalizimua kwa maji kidogo ya mtaro. Nyuzi zikaanza kuteleza ubavu kwa ubavu, kundi zima upande mmoja, kama ng'ombe wanaokwenda kunywa. Akazimua tena. Safari hii kila uzi ukashika njia yake, ukaenda, ukarudi, ukapishana na wenzake bila salamu.

Mwalimu akavuta stuli, akakaa. Akauliza zikifika ngapi ndipo zinakwama.

Siku za kuzilea Kalista alizihesabu zote; nyuzi zenyewe hakuwahi kuzihesabu. Hilo lilimuuma kuliko ule utani wa msiba. Mwalimu akamkumbusha kwamba safari ni Ijumaa, na kwamba hampeleki mtu Mbeya na ajabu isiyo na kipimo.

Kalista alirudisha kifuniko cha chupa, akakiacha kimelegea ili nyuzi zipate hewa.

"Alhamisi upite hapa, Mwalimu," alisema. "Utakuta matone kumi, kuanzia jepesi mpaka zito, na kila moja lina idadi ya nyuzi zake na mwendo wake. Usipoyakuta, chupa nitaimwaga mwenyewe, mbele yako."