Doa Lililohama

Kinyozi alikuwa na ila moja iliyowachekesha watu: hakumjua mtu kwa sura. Ukikutana naye barabarani ukamsalimu uso kwa uso, alikujibu kwa adabu kama anavyojibiwa mgeni, akapita zake. Lakini ngoja umpe kisogo. Hapo hapo alikuita, tena kwa sauti, akikuuliza kulikoni wiki ya tatu hii hujaja kunyoa. Visogo vya mtaa mzima alikuwa navyo kichwani. Alijua nani ana kovu la kuanguka kwenye ngazi, nani nywele zake huzunguka mara mbili kama maji yanayoingia bombani, nani shingo yake ina mikunjo mitatu na nani minne. Siku moja mkewe alimpita sokoni akiwa amevaa kilemba, naye akamsalimia, "Shikamoo mama." Mama huyo aliisimulia habari hiyo kila palipokuwa na wageni, mpaka mumewe alipofariki. Baada ya hapo akaisimulia mara moja tu, akashindwa kuimaliza.

Duka lilibaki kwa binti yao wa mwisho, aliyeitwa Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi. Hakuwa mgeni wa kazi. Miaka minne alikuwa pale na baba yake, akichemsha vifaa, akinyoa watoto wa shule, akichonga ndevu za wapita njia wasiojali ni mkono wa nani. Na kichwa cha kinyozi mwenyewe, ambacho kila mtu alikisifia, kilinyolewa na nani kama si yeye? Ila jambo hilo hakuna aliyewahi kujiuliza. Watu hudhani kinyozi hujinyoa, kama wanavyodhani daktari haumwi.

Wateja wa zamani hawakuacha kuja. Hilo ndilo lililouma. Walikuja asubuhi, wakampa mkono wa pole kwa mara ya kumi, wakakaa kwenye benchi la pembeni, wakasoma magazeti ya mwezi uliopita na kumzungumza marehemu. Kitinda alipokung'uta shuka la kunyolea na kukitazama kiti, mmoja alikumbuka ana dawa ya kunywa, mwingine akasema nywele zake bado fupi, ilhali zilikuwa zimeanza kufunika masikio. Walikuja na nywele zao, wakaondoka na nywele zao. Mtaa ule ukawa na wazee wenye vichwa kama viota.

Baba mdogo wa Kitinda ndiye aliyekuwa na ufunguo wa pili wa chumba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anapita kila jioni, akamwona binti wa kaka yake amekaa peke yake akifuta kioo kilichokwisha kufutwa, na moyo ukamwuma. Mtu mmoja anayeuza vifuniko vya simu alikuwa anakitaka chumba kile. Basi baba mdogo akamwita Kitinda, akamwambia kwa upole kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi atakuja. Akikuta kiti bado kitupu, watakiuza, kioo nacho, na yeye atatafutiwa kazi nyingine.

"Mwanangu, watu walikuwa wanamfuata baba yako," alisema. "Hawakuwa wanafuata kiti."

Maneno hayo ndiyo yaliyompa Kitinda wazo. Kama wanamfuata baba, atawawekea baba.

Marehemu hakupenda kupigwa picha. Kila mara alifumba macho au aligeuka kumtazama mtu kisogo. Ilipatikana picha moja tu aliyotulia, ndogo, ya kitambulisho. Mpiga picha wa duka la tatu aliikuza ikawa kubwa kama sinia, akaitia fremu. Mama alipoiona aliishika mashavu kwa mikono miwili, akasema, "Ndiye. Ndiye kabisa, na ubishi wake." Kitinda akaitundika juu ya kioo.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mzee Kipara. Huyu alikuwa mlinzi mstaafu wa ghala, na kichwa chake hakikuwa na unywele hata mmoja kwa miaka kumi na mitano. Hata hivyo hakukosa Jumamosi. Kinyozi alikuwa akimvika shuka, akaipitisha mashine hewani kuzunguka kile kichwa bila kuiwasha, akampangusa shingo kwa brashi, akamshikia kioo kidogo kwa nyuma. Mzee Kipara alijitazama sana, akasema, "Pembeni bado kidogo," na kinyozi akarudia pembeni. Watu hawakucheka. Mchezo ule ulikuwa na heshima zake.

Siku hiyo alisimama chini ya picha, akaivua miwani, akaivaa tena.

"Huyu ni nani?"

Kitinda alidhani ni utani. Akajibu kwamba ni baba.

"Si baba yako huyu. Labda ndugu yake. Doa liko wapi?"

Marehemu alikuwa na doa jeusi shavuni, dogo kama mbegu ya papai. Kitinda alimwonyesha lilipo. Mzee Kipara akagonga kwa ukucha upande wa pili wa picha. Lilikuwa hapa, alisema, miaka ishirini na saba nalitazama, leo limehama? Na nyusi iliyokuwa ikiinuka ni hii, siyo ile. Akawaita wenzake waliokuwa nje. Wakaja wawili, kisha wanne, wakainamisha vichwa huku na huku. Wote wakakubaliana: mtu huyu anafanana na kinyozi, ni mtu wa heshima, hawana ugomvi naye, lakini si yeye.

Mpiga picha aliitwa. Aliapa kwamba yeye alikuza tu, hakuhamisha doa la mtu. Lakini kwa kuwa wateja ni wengi na yeye ni mmoja, akasema kuipindua ni kazi ya dakika moja kwenye kompyuta. Akaipindua, akaichapa kwenye karatasi, wazee wakatikisa vichwa kwa furaha: sasa ndiye. Kitinda akaipeleka nyumbani. Mama aliitazama, akaigeuza nyuma kana kwamba mumewe yuko huko, akamrudishia.

"Mimi nimekula naye meza moja miaka thelathini na moja, namtazama anavyotafuna," alisema. "Huyu sijaolewa naye. Mrudishe kwao."

Ikawa kizaazaa. Kitinda alikuwa na baba wawili, na kila mmoja alikuwa na mashahidi. Akimtundika wa mama, wazee wanakaa benchini wakiitazama picha kama wanaotazama mpangaji aliyeingia bila kubisha. Akimtundika wa wazee, mama hatakanyaga dukani. Alichelewa kulala akimfikiria baba yake, akajaribu kukumbuka doa liko upande gani, na kadiri alivyojaribu ndivyo lilivyozunguka uso mzima. Hilo lilimtisha kuliko kufungwa kwa duka. Miezi miwili tu, na tayari anahitaji kuuliza.

Ikafika ile Jumamosi. Baba mdogo alikuwa amesema atakuja saa nne. Kitinda aliamka na uamuzi: kama duka litafungwa, lifungwe safi, na picha ya mama irudi kwa mama. Akatoa benchi nje, akamwaga maji, akasugua sakafu. Mzee Kipara alipofika alikuta benchi limeegemezwa ukutani juani, miguu juu, likitiririka maji. Magoti yake hayakuwa ya kusimama. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akakiendea kiti.

"Nakaa tu," alionya. "Sinyoi."

"Kaa, Mzee. Kiti hakiumi."

Kitinda akapanda kigoda, akaitungua picha. Ilikuwa nzito. Njia kavu ilikuwa moja tu, nyuma ya kiti, naye akaipita polepole, amekumbatia fremu kifuani, uso wa baba yake ukitazama mbele. Kioo chenyewe kilikuwa chembamba. Aliyekaa kitini ndiye tu aliyeona kilichokuwa nyuma yake.

"Simama," akasema Mzee Kipara.

Kitinda akasimama.

"Usiende. Huyo hapo. Huyo ndiye."

Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayemwona ndege dirishani. Kitinda hakuelewa. Akainua macho, akatazama kule anakotazama mzee, ndani ya kioo. Doa lilikuwa upande wa pili. Nyusi ilikuwa imeinuka upande wa pili. Ilikuwa picha ile ile ya mama, na alikuwa baba wa wazee.

Basi akaelewa, na akacheka mwenyewe hadi fremu ikatikisika. Wanaume hawa walikuwa wamekaa na baba yake miaka ishirini na saba, wakagombana naye, wakamweleza siri ambazo wake zao hawazijui, na muda wote huo walikuwa wakizungumza na kioo. Nje hawakumwona ila amevuta kofia hadi machoni. Wao walimjua kwa kioo, yeye aliwajua kwa visogo. Hawakuwahi hata siku moja kukosea kujuana.

Kicheko kilipoisha aliendelea kutazama. Kwa mara ya kwanza alimwona yule mtu ambaye wazee walikuwa wanamlilia. Hakumfahamu. Alionekana mchangamfu zaidi, kama anayekaribia kusema uongo mtamu. Miaka minne Kitinda alisimama upande huu, akashika brashi, na mtu huyu alikuwa pale pale ndani ya kioo, na yeye binti hakugeuka kumwangalia. Akamwambia kimoyomoyo: shikamoo.

Kisha akachukua nyundo na msumari. Akaitundika picha ukuta wa nyuma, sawasawa na mahali ambapo kichwa cha baba yake kilikuwa kikisimama. Aliyeingia mlangoni, kama mama, angemwona mume wake. Aliyetaka kumwona kinyozi wake, hakuwa na njia nyingine ila kukaa kitini.

Habari ilitoka nje haraka, kwa kuwa waliokuwa nje wakingoja benchi likauke walikuwa na masikio. Wazee wakajipanga mlangoni wakitaka waone. Mmoja akamwambia Mzee Kipara aondoke, ameshaona, zamu ya wengine. Mzee Kipara akajibu kwamba yeye amekuja kunyoa, kama wao wamekuja sinema hilo ni lao. Akavuta shuka mwenyewe, akalifunga shingoni.

Kitinda alishika mashine bila kuiwasha. Aliogopa kuliko siku aliyoshika wembe halisi mara ya kwanza. Hapakuwa na unywele wa kukata wala kosa la kufichwa. Palikuwa na hewa tu, na mzee anayejua hewa ile inavyopaswa kupita. Akaanza nyuma ya sikio, akapanda taratibu, akashuka. Mzee Kipara alimtazama marehemu ndani ya kioo, akamtazama binti, akamrudia marehemu. Kitinda alingoja kuambiwa pembeni bado kidogo.

Mzee Kipara alikuwa amefumba macho. Midomo ikamlegea, kidevu kikashuka kwenye shuka, na pumzi ikaanza kutoa mluzi mwembamba. Kila kinyozi anajua maana yake: mtu asiyeuamini mkono wako hukodoa macho, hata kope hapepesi.

Baba mdogo alifika saa nne kamili na ufunguo mkononi. Akakuta watu sita mlangoni wanalalamika, mmoja akisema haki iko wapi, mtu hana hata unywele na amelalia kiti cha watu. Alijipenyeza hadi ndani, akafungua mdomo.

Kitinda akaweka kidole mdomoni, kwamba asije akamwamsha mteja, kisha akamwonyesha pa kupanga foleni.