Mashavu Yamejaa Togwa

Togwa ya Bibi Wegesa ilikuwa imeiva. Ule uji mzito wa ulezi aliokorogea kimea jana sasa ulikuwa umelainika, mtamu mpaka nyuki wanazunguka mtungi. Alishaonja asubuhi nzima. “Mpishi asiyeonja huaibisha mji,” alijisemea, akapiga kata nyingine, akajaza mashavu.

Hapo ndipo mkwewe Nashoni, mume wa binti yake Brenda, alipoingia jikoni. Balaa! Kwa desturi yao mama mkwe hali wala hanywi mbele ya mkwe. Heri akutwe uchi na mvua ya mawe. Kumeza hawezi, kutema hataki. Sasa akiamkiwa, ataitikiaje?

Lakini shikamoo haikuja. Nashoni naye alisimama mashavu yamefura kama chura, kikombe kakificha mgongoni. Alikuwa ametoka kuonja mtungi wa pili, ule wa mlangoni.

Wakatazamana. Kicheko kikaanza kuwatekenya. Upesi kila mmoja akageukia ukuta wake. Glu! Glu!

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Togwa umeionja?”

“Hata tone! Na wewe, mama?”

“Mimi? Sipendi vitamu.”

Brenda akapaza sauti mlangoni: “Nani kamaliza togwa ya wageni?”

“Nyuki!” wakajibu kwa pamoja.