Kazi ya Keziah

Bwawa letu ni dogo, lakini bila hilo mfereji wa mashua wa Hanbrook ni mtaro wa matope tu. Funguo zake nashika mimi. Kiangazi kile kilitukausha hasa, na wakubwa wakanipigia simu kunikataza nisiachie hata tone. Basi akaja mzee Enoch Tranter, kofia mkononi.

"Mke wangu Keziah amenitoka, binti yangu. Alizaliwa mashuani. Nataka nimpeleke makaburini kwa mashua, si kwa gari."

"Mzee, maji yenyewe yako wapi?"

"Si hayo hapo nyuma yako?"

Yalikuwepo ya kuvusha mashua mara moja, basi. Niliyaachia yote. Wakubwa na waseme mpaka wachoke; mimi nachunga maji, siyaabudu.

Jioni Enoch na wanawe wakaegesha upande wa juu wa lango la mwisho, lile birika la kushushia mashua, jeneza limefunikwa kitambaa alichofuma marehemu mwenyewe. Kwa watu wa mashua, mume hushika usukani, mke hutangulia kwa miguu kuandaa lango. Enoch akakataa katakata kusaidiwa. "Safari hii kazi yake naifanya mimi," akasema, akachukua mtaimbo wa Keziah wa kufungulia maji, akaenda zake. Nani ambishie mzee aliyefiwa?

Asubuhi nikaikuta mashua imelala ubavu kwenye tope. Lango lina vilango viwili vya kupitisha maji, cha juu cha kuingiza na cha chini cha kutoa. Mzee alifungua cha juu ili birika lijae, wala hakuangalia kama cha chini kimefungwa. Usiku kucha maji yote ya mfereji yakapita, yakaenda zake. Bwawani nako hakukuwa na kitu. Sikuwa na cha kumpa.

Ikabidi tuite gari. Reuben, mwana wa Enoch, na ndugu zake wakambeba mama yao, tope hadi magotini. Mzee alikuwa amesimama pale langoni, anakitazama kile kilango. Nilimwonea huruma, nikamwambia, "Mbao kuukuu hizi, mzee. Zimevuja tu."

"Usinidanganye, binti yangu." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Miaka yote hiyo nilisimama kule nyuma usukanini nikimfokea afanye haraka. Sikuwahi hata kumuuliza anafanyaje."

Reuben akaja kumshika mkono, wakaenda garini.