Msumari wa Safari

Baridi ya Juni ilikaza sakafu ya kuanikia mahindi mpaka nyayo zikauma. Kabla ya kucheza mpira wa magongo, wanawake kumi na watatu walifagia mahindi yote pembeni. Wakimaliza mchezo waliyatandaza tena, hata punje zilizorukia mtaroni, maana king'ora cha saa moja na nusu hakikujua habari za ligi. Josefina alisimama kati ya mapipa mawili, ndiyo goli. Miguuni alijifunga vipande vya gunia vilivyoshindiliwa maganda ya mahindi. Mpira ulimpata pajani kwa ndani, mahali ambapo gunia halikufika.

"Mama Hellena, umezuia kwa nyama!" Redempta alipiga kelele, gongo begani. "Na nyama yenyewe iko wapi hapo?"

Wakacheka. Josefina akasugua paja, akaurudisha mpira.

Ilikuwa imebaki duru moja ya ligi ya taifa, Morogoro. Machi walishinda mechi mbili kule Mbeya, Mei wakashinda tatu Dodoma, na sasa timu ya kinu cha unga cha Sumbawanga ilikuwa ya pili. Katika miezi hiyohiyo kinu chenyewe kilikuwa kinauzwa. Watu wenye suti walikuja, wakapima kuta kwa utepe, wakagonga mashine kwa kalamu, wakaondoka. Kila walipoondoka, kuna waliopungua. Walianza madereva. Wakafuata wapishi wa kantini.

Josefina alikuwa na mwaka wa tisa akishona midomo ya magunia. Chumba alicholala na binti yake Hellena na mama mkwe wake kilikuwa chumba cha kinu. Kazi ikiisha, na chumba kimekwisha.

Siku hiyo alimfuata afisa utumishi, Bwana Beda, ambaye pia ndiye aliyekuwa kocha wao.

"Bwana Beda, safari hii naomba nibaki."

"Ubaki? Golini nimsimamishe nani, mashine ya kusaga?"

"Wanasema mwenye kinu mpya anaingia tukiwa hukohuko. Nataka anikute kwenye sindano."

Bwana Beda aliinuka akafunga mlango. "Sikiliza, mama. Mtu huyo anapenda michezo. Timu ikirudi na kombe, mchezaji haguswi. Asiyekwenda, huyo mimi sitajua nimtetee vipi."

"Amesema yeye mwenyewe?"

"Sasa mimi nikudanganye nipate nini?"

"Basi niandikie barua ya ruhusa."

"Barua!" Alicheka, lakini macho hayakucheka. "Miaka tisa umesafiri kwa barua gani? Weka kibati chako kwenye msumari, kama siku zote."

Getini palikuwa na ubao. Kila mfanyakazi alikuwa na kibati chenye namba yake. Ukiingia unakitundika kulia, ukitoka kushoto. Chini kabisa ulikuwepo msumari mmoja mrefu, wa wale waliotumwa na kinu: dereva aliyepeleka unga Kipili, fundi aliyefuata vipuri, na wachezaji. Kibati kikiwa pale, wewe uko kazini hata kama uko Morogoro. Hakuna aliyewahi kupewa karatasi, na hakuna aliyewahi kuiomba.

Josefina alitundika namba sitini na nne. Akaitazama kidogo. Akaenda.

Mpaka Tunduma walipanda juu ya magunia ya lori, turubai likiwapiga usoni. Wenzake walisinzia. Yeye alibadilisha mkao kila kilima, rozari ikizunguka vidoleni.

"Unawaombea nani, wapinzani?" Redempta aliuliza bila kufumbua macho.

"Mwenye kinu."

"Anaitwa nani?"

"Simjui. Mungu anamjua."

"Basi Mungu amwambie na mimi nipo. Winga wa kulia."

Mechi ya mwisho waliongoza bao moja, na dakika mbili kabla ya filimbi wapinzani wakapata kona. Josefina hakuuona mpira, aliona gongo tu likishuka. Akajitupa. Maganda ya mahindi yakamwagika uwanjani, watu wa Morogoro wakacheka, na mpira ulikuwa chini ya tumbo lake.

Walirudi na kombe siku ya kumi na mbili, asubuhi, wakiwa wamevaa jezi ili mwenye kinu awaone. Getini ubao ulikuwa umepakwa rangi ya kijani. Msumari wa chini ulikuwa umeng'olewa. Kando yake karatasi ilibandikwa, na mlinzi, mzee Isdori, aliwasomea taratibu kama anayesoma majina ya marehemu kanisani. Kumi na matatu.

Mwenye kinu, Bwana Enock, alitoka mwenyewe. Alimpa mkono kila mmoja.

"Hongereni sana. Nimewasikia redioni. Mmetuletea heshima."

"Baba, majina yetu yako hapa," Josefina alisema.

"Ndiyo, nimeyaona. Nimekuta vibati kumi na vitatu kwenye msumari. Nikauliza, hawa wako ndani au nje? Barua iko wapi? Hakuna. Siku kumi na mbili bila barua ni utoro, mama. Na mtoro hapunguzwi, amejiondoa mwenyewe. Kwa hiyo kiinua mgongo hakuna, na vyumba vinatakiwa leo. Si mimi, ni sheria."

"Bwana Beda ametupeleka! Naye alikuwa na sisi!"

"Barua yake nimeiona. Aliiacha kwenye faili."

Wote wakageuka. Bwana Beda alikuwa anajifuta vumbi kwenye viatu, kiatu kimoja, halafu kingine. Kisha akapita getini, akatoa kibati chake mfukoni, akakitundika kulia.

"Kombe lakini ni la kinu," Bwana Enock alisema. "Mpiga picha anasubiri."

Redempta alilikumbatia. "Likiingia hili tunaingia nalo."

"Dada yangu," mzee Isdori alinong'ona, akilivuta polepole, "usiniharibie kazi. Mimi nimebaki hapa kwa rehema tu."

Likaingia.

Josefina alizungukia njia ya nyuma kuelekea chumbani, afike kabla mama mkwe hajaona watu wakitoa godoro. Alipita chini ya dirisha la chumba cha kushonea. Waya wa dirisha hilo washonaji walikuwa wameutoboa zamani wapate upepo.

"Shikamoo, mama." Msichana wa miaka kama kumi na minane alichungulia, kidole kikitoka damu. "Samahani. Uzi unanikatikia. Msimamizi amesema nikiharibu gunia jingine, kesho nisije."

Josefina alimtazama. Akatazama njia ya kwenda chumbani.

"Lete."

Akapitisha mikono kwenye tundu la waya, akakunja mdomo wa gunia mara mbili, akashona mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno. Msichana akalivuta ndani, akasukuma jingine.